Ubao Uliokuwa Mlango

Ninyi vijana mnaobaki kituoni mmeniomba niwaandikie nilichojifunza katika miaka yangu ya kufundisha watu wazima. Nimekaa na kalamu tangu asubuhi, chai imepoa mara mbili, na naona heri niseme kweli mapema: nilichojifunza kinaenea kiganjani. Nilichokiona ndicho kirefu. Mshahara siutaji, nao haukuwahi kunitaja sana. Vyeo pia niviache. Nilianza mwalimu, nikamaliza mwalimu, na katikati nikakabidhiwa ufunguo wa kabati la chaki, jambo ambalo wenzangu wawili hawajanisamehe hadi leo.

Nilifika mtaa wa Kamalondo nikitoka kufundisha watoto wa darasa la pili. Kituo hakikuwa na jengo. Tuliazima ukumbi wa parokia kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi. Saa kumi kamili waliingia wanakwaya, na wanakwaya hawana huruma: ukiwa katikati ya neno, wanaanza kuimba juu yake. Siku ya kwanza nilikuta wanafunzi kumi na wanne, mafundi cherehani, wauza makala, yaani mkaa, mzee mmoja wa reli, wote wamekaa kwenye viti vya watoto wadogo, magoti yakikaribia masikio. Niliandika sentensi moja ubaoni, nikamwomba mama wa mbele ajaribu herufi ya kwanza.

"Madame, nimesahau lunettes ku nyumba," akasema.

Nikamgeukia jirani yake. Miwani yake nayo ilikuwa imebaki nyumbani. Nikapita mstari mzima, kisha mstari wa pili. Wote kumi na wanne walikuwa wamesahau miwani. Nilirudi kwangu na uchungu moyoni: maskini watu hawa, macho mabovu, na bado wanataka kusoma! Wiki nzima nilizunguka nikiomba miwani ya zamani, kwa wajomba, kwa majirani, kwa mjane mmoja aliyenipa ya marehemu huku akilia. Jumatatu nikagawa. Hakuna aliyekataa. Utamkatalia vipi Madame aliyehangaika hivyo? Kwa wiki tatu darasa langu lilisoma kwa macho ya watu wengine. Fundi cherehani mmoja alilisalimia kabati kila alipoingia, na mama mmoja akaeneza habari kwamba Madame amenenepa ghafla.

Aliyeniokoa ni Mzee Kalenga, mkuu wa kituo, mtu mwembamba wa maneno machache ambaye alitembea na chaki mfukoni hata akienda matangani. Aliingia, akaona miwani kumi na minne ikimtazama, akaomba radhi, akatoka nje kucheka. Aliporudi aliniita pembeni.

"Madame, ile haikuwa macho. Ile ni haya. Na haya haiponaka na lunettes."

Nilitamani ardhi inimeze. Kuanzia siku hiyo sikumuuliza tena mtu mzima kama anajua kusoma. Nilimuuliza kama amesahau miwani, na akisema ndiyo, nilimwandikisha.

Mzee Kalenga ndiye aliyenifundisha kuloweka chaki katika maji ya sukari, kisha kuzianika, ili zisivunjike na maandishi yang'ae. Kipimo ni kijiko kimoja. Sukari ikizidi, sisimizi nao wanakuja kusoma. Na ndiye aliyetupatia ubao. Baa moja ya jirani ilifungwa, yeye akaomba mlango wake. Seremala akautia miguu na magurudumu, halafu pande zote mbili tukazipaka unga mweusi wa betri kuukuu uliosagwa pamoja na majani ya matembele. Ukawa ubao mzuri, mzito, unaoandikika mbele na nyuma. Lakini haukuacha kuwa mlango. Bawaba zilikuwepo, tundu la ufunguo lilikuwepo, na yule mzee wa reli, aliyeufahamu tangu enzi zake za baa, alikuwa akiubishia hodi kabla ya kuandika.

Kuhusu vifaa vilivyotoka mbali nitasema kimoja tu. Tuliletewa sanduku la picha za mafunzo ya familia: kunawa mikono, kulea, kuzungumza na watoto wakati wa kula. Picha ya kwanza ilionyesha baba, mama na watoto wawili mezani, na kando ya kiti cha baba mbwa mwenye bakuli lake. Nilikuwa nimeandaa somo juu ya kumsikiliza mtoto. Somo likawa mbwa.

"Madame, ule imbwa ni wa upande ya baba ao ya mama?" akauliza mama mmoja.

Hakuwa na mzaha hata kidogo. Alitaka kujua ni haki gani iliyompa mbwa yule kula kabla ya watoto. Tulijadili saa mbili nzima, wanakwaya wakaingia, nao wakataka kumwona mbwa. Katika ripoti niliandika kwamba washiriki walichangia kwa wingi, na sikusema uongo.

Sasa nije kwenye ile kesi mnayoniuliza kila mara, ya mkwe na mama mkwe.

Mwanzoni mwa kiangazi kimoja alikuja kujiandikisha Papa Mwape, mlinzi wa usiku kwenye bohari ya simenti kule Naviundu. Kwao ni Sakania. Alikuwa mtu mrefu, mpole, anayeongea huku akitazama viatu vyake.

"Madame, nimesahau lunettes," akasema kabla sijafungua mdomo.

Kisha akanieleza shida yake. Bohari ilikuwa imepata shefu mpya, mkuu wa kazi, na shefu alikuwa ametangaza kwamba mvua za kwanza zikinyesha, kila mlinzi lazima ajue kusoma karatasi ya mzigo na kuandika rejistani kinachotoka. Asiyeweza aende zake.

"Mvua ya kwanza, Madame. Kama sijue kusoma, njo basi. Bibi yangu na batoto batarudia kwa mama yake."

Nilimkalisha mstari wa nyuma. Siku mbili baadaye, akiwa ndiyo kwanza anaishika kalamu, akaingia mwanafunzi mwingine mpya, Mama Numbi, mjane, muuza makala, mwenye sauti ya kusikika avenue tatu. Hatua ya pili ndani ya ukumbi akamwona Papa Mwape, naye Papa Mwape akamwona. Mama alijifunika kitenge kichwani, akatoka kinyumenyume akigonga viti. Baba akaruka dirishani. Darasa zima lilitazama chini kwa heshima. Mimi peke yangu nilipanda juu ya kiti, nikidhani kuna nyoka.

Alikuwa mama mkwe wake.

Ninyi mliokua na simu mkononi huenda buko mnaisikia tu kwa bibi zenu, kwa hiyo nieleze. Mkwe wa kiume na mama wa mkewe hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawapeani mkono, hawasemezani, mpaka desturi ya kuwafungulia ifanywe. Si chuki. Ni heshima, tena heshima kubwa kiasi kwamba Papa Mwape alishawahi kujitumbukiza mtaroni na suti yake ya Pasaka, kwa sababu mama mkwe alitokeza kwenye kona. Familia nyingi humaliza jambo hili mapema. Wao miaka kumi na mmoja ilikuwa imepita. Mama Numbi, ambaye wazazi wake walishuka na reli kutoka kaskazini, alishikilia kwamba mkwe ndiye analeta mbuzi kwanza. Kwao Papa Mwape, mama ndiye anapika kwanza na kumwita mkwe. Basi yeye alikuwa anangoja mbuzi, na huyu anangoja chungu, na katikati yupo Vero, binti wa mmoja na mke wa mwingine, amezaa watoto watatu huku akibeba salamu kama posta.

Nilisema kwamba shule ni shule. Nilisema darasani hakuna mkwe wala mama mkwe, kuna wanafunzi. Mzee Kalenga alinisikiliza hadi mwisho.

"Madame," akasema, "buko haiishaka ku mulango ya masomo."

Kuwatenganisha hakukuwezekana. Asubuhi baba alikuwa analala baada ya zamu, mama yuko sokoni. Ukumbi tulikuwa nao saa mbili tu. Na hakuna aliyekubali kumpisha mwenzake. Papa Mwape alikuwa na mvua yake. Mama Numbi alikuwa na simu. Mdogo wake wa kike, Kabange, aliyeko Kongolo, ndugu pekee aliyebaki wa tumbo la mama yao, alikuwa akimtumia ujumbe, na mama alilazimika kuwapa wapita njia wamsomee.

"Mambo yangu yote, avenue nzima inajua mbele yangu," aliniambia. "Siku Kabange atanituma siri, nitafanya namna gani?"

Mzee Kalenga alijikuna kidevu, akautazama ubao kwa muda mrefu.

"Lakini mulango iko," akasema.

Tukausukuma ubao hadi katikati ya ukumbi. Nusu ya darasa ikakaa upande huu, nusu upande ule. Mama Numbi aliingia kwa mlango mkubwa. Dakika tano baadaye Papa Mwape aliingia kwa mlango wa sakristia, akikohoa toka mbali ili kila mtu ajipange. Kitu cha kwanza mama alichofanya ni kuziba tundu la ufunguo kwa kipande cha kitenge. Mimi niliandika sentensi upande mmoja, nikazunguka mbio kuiandika upande wa pili, nikarudi kusikiliza, nikazunguka kusahihisha. Ule unene niliosingiziwa na mama wa miwani uliisha wote kiangazi kile.

Mama Numbi alishika herufi upesi ajabu. Papa Mwape alikuwa na ugonjwa mmoja: neno likimtisha, analiruka. Hasimami, haulizi, anaruka na kuendelea kwa sauti ileile, kama vile neno halikuwepo. Niliandika "Mama anapika bukari na sombe", ndio ugali na kisamvu, yeye akasoma, "Mama anapika sombe." Nilimwonya kwa upole wiki baada ya wiki, na wiki baada ya wiki aliruka. Siku moja nilikuwa sijapumua vizuri kumwonya tena, ikatoka sauti nyuma ya ubao, ile ya avenue tatu.

"We tablo!"

Vichwa vyote vikaugeukia ubao.

"Tablo, unaruka! Kati ya anapika na sombe kuko kintu. Rudia."

Tukatazamana. Desturi inakataza kumsemesha mkwe. Ubao ni ubao. Papa Mwape akavitazama viatu vyake, akaujibu ubao.

"Tablo, pardon. Ile neno inanitisha."

"Hata. Neno ni kama mufuko ya makala. Unaifungula pole pole, unaona ndani mwake. Usiruke."

"Bu... ka... ri. Bukari."

"Njo ile. Tablo, endelea."

Kuanzia hapo kazi yangu ilikuwa kushika chaki na kukaa. Sioni aibu kusema. Mama yule alikuwa mwalimu bora kuliko mimi, na zaidi ya hapo alikuwa na hofu, kwani alijua vizuri mvua za kwanza zitamletea nani na watoto wangapi katika nyumba yake ya vyumba viwili. Somo likiisha kabla ya saa, ubao uliulizwa mambo mengine.

"Tablo, ule mutoto mudogo alipona malaria?"

"Alipona, tablo. Anakula muzuri."

"Na Vero, mugongo iko namna gani?"

"Inauma kidogo, tablo. Lakini anakusalimia."

Miaka kumi na mmoja hawakuwa wamebadilishana neno. Yule fundi cherehani, ambaye sasa aliona vizuri, aliniuliza kama huu ubao ni shangazi yao au vipi.

Mawingu yalipoanza kujikusanya ndipo nikagundua balaa. Nilimwita Papa Mwape peke yake sakristia, nikampa karatasi asome kama atakavyosoma boharini. Akaruka maneno katika kila mstari. Nikamrudisha ubaoni na karatasi ileile, akasoma yote. Nikamshikia mlango wa kabati mbele yake, akasoma nusu. Alikuwa amejifunza kusoma, lakini mbele ya mlango tu, mlango wenye mama mkwe nyuma yake. Tukaamua kuupeleka ubao Naviundu siku ya mtihani wa shefu. Tukamwita mwenye mkokoteni. Aliuangalia ubao juu na chini, akauliza nyumba yake iko wapi, na kama paa nalo linafuata. Tulipojaribu kuupandisha, gurudumu la mkokoteni likapasuka, na mwenye mkokoteni akaenda zake akitukana.

Siku ya mtihani nilifuatana na Papa Mwape, maana aliniomba niwe shahidi. Mbingu ilikuwa nyeusi. Bohari ile ilizungushiwa ukuta, na mbele kulikuwa na geti la mabati marefu, limefungwa kwa komeo nene. Shefu alikuwa kijana mwenye miwani, ya kweli, ameweka meza ndogo uani na rejista juu yake. Walinzi watatu wa kwanza walisoma, mmoja vizuri, wawili kwa jasho. Zamu ya Papa Mwape ikafika. Akapewa karatasi.

"Mifuko... simenti... dereva..." akasoma, akainua kichwa. "Nimemaliza, shefu."

Katika karatasi ile kulikuwa na mistari sita. Shefu akaanza kufunga kalamu yake. Nilimwona Papa Mwape akilitazama geti, kisha viatu, na nikamkumbuka Vero na watoto watatu, vyumba viwili, na magunia ya makala.

"We mulango!"

Mabati yakatetemeka.

"Mulango, unaruka! Kati ya mifuko na simenti kuko kintu. Rudia!"

Nitasema nini? Papa Mwape alilifuata geti, akalisogezea karatasi karibu, na akaanza upya. Alisoma namba ya gari. Alisoma jina la dereva na jina la baba wa dereva. Alisoma kwamba mifuko ni hamsini, miwili imepasuka, na kwamba iliyopasuka imeshonwa. Alisoma hata jina la kiwanda cha karatasi lililochapwa chini kwa herufi za siafu. Kisha akarudi mezani, akaandika yote rejistani, kila herufi kubwa kama yai.

"Nani anaongea na mulango yangu?" akauliza shefu.

"Ni mama wa makala, shefu," nikajibu.

"Anaongea na mulango?"

"Ameizoea."

Shefu akaelekea getini ili alifungue. Papa Mwape akamtangulia. Aliegemeza mgongo kwenye komeo, akatandaza mikono.

"Hapana, shefu."

"Namna gani, hapana? Mimi njo shefu!"

"Hata, shefu. Hii mulango haifunguke. Unifukuze kama unataka. Lakini haifunguke."

Nilifumba macho. Baada ya mateso yote yale, amesoma karatasi nzima, na sasa anafukuzwa kwa kumkatalia shefu geti lake mwenyewe! Nilipofumbua, shefu alikuwa amewageukia wale walinzi wengine watatu.

"Munaona?" akasema. "Sentinelle njo huyu. Hata mimi ananikatala!"

Matone ya kwanza yakaanza kugonga mabati. Papa Mwape alibaki kazini, na yupo hadi leo. Mimi nililia hadharani, nikasingizia mvua.

Nilitokea geti dogo la nyuma ili lile kubwa lisifunguliwe, nikazunguka, nikamkuta Mama Numbi barabarani, gunia kichwani, ameligeuzia geti mgongo.

"Alisoma yote?" akaniuliza.

"Nani, mama?"

"Mulango."

"Mulango ilisoma yote."

Akacheka mpaka makala yakadondoka.

Somo lililofuata, Papa Mwape aliandika kitu upande wake wa ubao, akaniomba niugeuze. Buko inakataza macho, mikono, chakula na maneno. Hakuna mzee aliyewahi kukumbuka kukataza chaki. Upande wa mama pakasomeka: "Mama, siku ya mungu mbuzi atakuja." Mama Numbi aliisoma mara mbili, hakuruka kitu. Akachukua chaki, akaandika chini yake: "Bukari itakuwa tayari." Sikutumia mantiki wala vitabu vya mafunzo ya familia. Niligeuza ubao tu.

Msidhani yaliishia hapo. Jumapili ilipofika, mbuzi alikuwa nje ya parcelle, yaani ua wa Mama Numbi, na chungu kilikuwa ndani. Kwa desturi ya mama, mbuzi aingie kwanza ndipo chungu kifunuliwe. Kwa desturi ya mkwe, chungu kifunuliwe kwanza ndipo yeye aingie. Wazee wa pande mbili walibishana mpaka mbuzi akamaliza matembele ya jirani. Mwishowe Mzee Kalenga alihesabu moja, mbili, tatu, na kwenye tatu kifuniko kikainuliwa na mbuzi akasukumwa, vyote kwa pamoja. Vigelegele vikapigwa. Vizuizi vikaisha. Wakakalishwa viti viwili, uso kwa uso, kwa mara ya kwanza.

Papa Mwape alitazama viatu, Mama Numbi alimtazama mbuzi. Bukari ikaanza kupoa. Vero alikuwa amesimama na sahani mkononi, karibu kulia. Ndipo Mama Numbi akanigeukia.

"Madame, tablo iko wapi?"

Wanaume wanne waliusukuma kutoka parokia, wakausimamisha kati ya viti viwili. Wakaongea mpaka jua likazama.

Mzee Kalenga tulimzika miaka michache baadaye, na chaki mfukoni, kwa agizo lake. Bado ninamkumbuka kila ninapoona sisimizi. Kituo kikapata jengo, ninyi mkaja, na mwaka huu mkaletewa zile mbao nyeupe zinazogongomelewa ukutani, za kuandikwa kwa kalamu zinazokauka kabla ya sentensi kwisha. Mliniuliza nataka zawadi gani ya kuagwa. Niliomba ule mlango, mkacheka. Sasa niwaambie uko wapi: uko kwa Mama Numbi, uani, kati ya viti viwili.

Mama Numbi amezeeka. Ukungu umefunika macho yake, na safari hii ni macho kweli. Simu yake bado inalia, lakini herufi zimemkimbia. Papa Mwape hupita kila Jumapili akitoka zamu, anakaa upande wake wa ubao, anamsomea ujumbe wa wiki. Siku hizi wangeweza kukaa uso kwa uso, hakuna anayewakataza. Wamezoea tu.

Jumapili iliyopita nilikuwepo, nimekaa upande wa Papa Mwape. Ujumbe ulikuwa umetoka Kongolo, kwa binti wa Kabange. Papa Mwape akaanza kusoma kwa ile sauti yake ya taratibu: salamu kwa wote, mvua imenyesha vizuri, mihogo imekubali. Halafu akasema, "Tunakusalimia sana," akashusha simu.

Lakini mimi naona vizuri, na simu ilikuwa imeelekea kwangu. Katikati kulikuwa na mistari miwili. Nilimtazama, akanitazama, na macho yake yaliniomba ninyamaze. Sikuwa na nguvu ya kumfundisha mtu siku hiyo.

Nyuma ya ubao mama akaita, na sauti haikuwa ile ya avenue tatu.

"Tablo."

"Mama."

"Usiruke."

Papa Mwape alijipangusa uso kwa mkono. Akainua simu, akaisogeza karibu na ule mlango, pale penye tundu la ufunguo lililozibwa kwa kitenge, na akamsomea pole pole, neno kwa neno, kwamba Kabange, mama yao, aliwatoka Alhamisi asubuhi, hakuteseka, na kabla ya kulala aliita jina la dada yake. Hakuruka hata neno moja. Alipomaliza aliinuka, akauzunguka ubao, akakaa chini karibu naye.